Kiwanja cha Nne Kimegoma Kula

"Saini hapa, mama, tumalize," alisema Meneja, akaisukuma karatasi mezani kwa ncha ya kidole kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kilicholala.

Mama Sindano hakuisogelea. Alikuwa ameitwa ghafla kutoka nyuma ya ofisi, alikokuwa akiosha ndoo za kazi, na buti zake za mpira zilikuwa zinadondosha povu la sabuni sakafuni. Karani alilitazama lile povu, akazitazama buti, akarudi kwenye povu, na sura yake ilisema yote. Kiti kilikuwepo, lakini kilikaliwa na mkoba wa Meneja. Umejiegemeza kabisa, unakula raha.

"Imeandikwa nini?"

"Si unajua kusoma?"

"Najua. Ndiyo maana nauliza kabla sijaishika."

Karani akaziba kicheko kwa kikohozi. Meneja akaichukua karatasi mwenyewe, akaisoma kwa sauti, tena taratibu, kama anamsomea mtoto wa chekechea. "Mimi niliyesaini hapa chini nakiri kwamba kwa wiki saba mfululizo sikufika kwenye kiwanja cha nne msituni, na kwamba chupa za kiwanja hicho nilizijaza hewa ya mahali pengine. Naomba radhi kwa ofisi."

Akaiweka chini. "Fupi tu. Hata haikuaibishi sana."

Sasa, ili uelewe moto uliomwakia yule mama kifuani, lazima uijue kazi yake. Kila Jumanne, mvua au jua, aliingia msituni na begi mgongoni. Humo msituni kulikuwa na viwanja sita, kila kimoja kama ukubwa wa chumba, na katika kila kiwanja kulikuwa na pete tatu za plastiki zilizozamishwa ardhini. Juu ya pete anafunika ndoo, anaifunga isivuje. Halafu anatazama saa. Anavuta hewa ya ndani ya ndoo kwa bomba la sindano, anaiingiza kwenye kichupa cha kioo chenye kizibo cha mpira. Dakika kumi, anavuta tena. Ishirini, tena. Thelathini, tena. Vichupa vinasafiri hadi maabara ya mjini, na huko wanatafuta kitu kimoja tu, methani. Ni ile gesi inayotoka kwenye vinamasi, kwenye majalala na kwenye matumbo ya ng'ombe, ikapanda juu na kuipasha dunia joto. Ajabu yake ni kwamba ukiifungia kwenye ndoo juu ya udongo wa msitu, inapungua. Humo udongoni mna vijidudu, vidogo kuliko unavyoweza kufikiri, na vyenyewe chakula chao ndiyo hiyo. Udongo unakula hewa! Hata yeye mwenyewe siku ya kwanza alipoambiwa alidhani wanamfanyia utani wa mgeni.

Viwanja vitano vilikuwa vinakula kama kawaida. Cha nne, ambacho miaka mitatu yote ndicho kilikuwa mlafi kuliko vyote, kilikuwa na wiki saba hakijaonja kitu.

"Udongo si mtu," alisema Meneja. "Umekula miaka mitatu, leo ghafla umeshiba?"

"Sijui umepatwa na nini. Mimi nimeandika nilichokikuta. Na niliandika pia kwamba zile pete zilikuwa zimesogea, nikaja hapa hapa nikakuuliza, ukaniambia ni mvua."

Macho ya Meneja yalikwenda dirishani, yakarudi. Kidogo tu. Akafungua droo, akatoa bomba la sindano, akamnyooshea. "Hebu tuonyeshe unavyovuta. Karani naye aone. Na utuambie dakika kumi kwenye saa ni mshale upi."

Mtu mzima huyo! Ana binti sekondari, ana miaka mitatu kwenye kazi, halafu aonyeshe mshale wa dakika mbele ya karani anayetafuna ubani. Mama Sindano alilipokea bomba. Akavuta polepole, mkono umetulia, bomba likajaa hewa mpaka kwenye alama. Akalinyanyua usawa wa macho ya Meneja.

"Hii ni hewa ya ofisini kwako. Niipeleke maabara wakuambie ina nini ndani yake?"

Karani akaacha kutafuna.

"Mtaalamu wa mjini anafika Alhamisi," Meneja alisema, na sasa sauti ilikuwa imepoteza ule upole wake. "Ukisaini kabla ya hapo, unaondoka na mshahara wa mwezi mzima na barua nzuri. Usiposaini, kila mradi unaofanya kazi na msitu utajua wewe ni mghushi. Acha kitambulisho mezani. Na mpaka Alhamisi nisikusikie umekanyaga msituni."

Alikivua kitambulisho shingoni, akakilaza juu ya ule mkoba uliokalia kiti.

*

Habari ilimtangulia nyumbani. Bombani, jirani mmoja aliyekuwa akikinga maji alimwita kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tano: "Mama Sindano! Eti vile vichupa ulikuwa unavijazia chooni? Maskini maabara, wamenusa mengi!" Wanawake wakacheka. Mama Sindano alikinga ndoo yake, akajitwika, akaondoka bila kumwaga hata tone, lakini shingo ilikuwa inamuuma kama amebeba gunia.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ua mdogo nyuma, ua mgumu, uliosawazishwa ukang'aa, usiotifua vumbi hata ukifagia mara kumi. Hiyo ilikuwa kazi ya mumewe. Watu wote walimwita Fundi, na fundi alikuwa kweli: misingi, sakafu, njia za magari, kila kitu kinachotaka ardhi iliyoshindiliwa ikatulia. Mama yake Fundi, ambaye wote nyumbani walimwita Bibi, alikuwa amekaa kwenye kibaraza anachambua mchele.

"Wamekuachisha?" Bibi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Wanataka nikiri kwanza, mama, ndipo waniachishe."

"Mimi nilisema. Mtu analipwa kuvuta hewa! Mimi naivuta tangu nizaliwe, na hakuna aliyenipa hata sabuni."

Fundi hakucheka. Alikuwa anasugua mwiko wake kwa mchanga, na aliendelea kuusugua wakati mkewe akisimulia, mpaka mwiko ukawa safi kupita kiasi na yeye bado anasugua.

"Saini," alisema mwishoni.

"Unasema nini?"

"Saini, mama nanii. Mshahara wa mwezi unaingia, mtoto analipiwa muhula, tunatafuta kitu kingine. Yule Meneja ni mtu wangu. Ananipa vibarua. Ukigombana naye wewe, nimegombana naye mimi."

"Nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mwongo."

"Ni karatasi tu!"

"Na yale maneno juu ya karatasi ni nini, madoa? Kesho binti yangu anaomba kazi mahali, wanamuuliza mama yako ni nani, wanafungua droo, hii hapa. Mghushi. Kwa mwandiko wangu!"

"Basi dunia yote itasimama kwa sababu ya udongo usiokula." Fundi aliupiga mwiko chini. "Watu wanasaini mambo makubwa kuliko hayo kila siku na wanalala usingizi."

"Wao walale."

Bibi alitupa kijiwe alichokitoa kwenye mchele. "Kiwanja kimoja tu ndicho kimegoma?" aliuliza.

"Kimoja tu, mama."

"Kama ungekuwa mvivu, ungeacha kwenda vyote. Mvivu gani huyo anapita viwanja vitatu, anaruka kimoja kilicho katikati ya njia, anaendelea na vingine?" Akarudi kwenye mchele wake. "Lakini mimi nimesoma wapi."

Fundi aliingia ndani.

*

Jumanne asubuhi hakuwa na kitambulisho, hakuwa na begi, hakuwa na ndoo. Alichokuwa nacho ni spoku moja ya chuma aliyoichomoa kwenye gurudumu la baiskeli mbovu iliyoegemea ukuta wa ua. Hakupita getini. Alifuata kijito, akavuka kwenye mawe, akatokea upande wa nyuma wa msitu, sketi imelowa mpaka magotini. Kama kukanyaga msituni ni kosa, basi leo anakosea kwa miguu yote miwili!

Kulikuwa na kanuni moja ambayo alifundishwa siku ya kwanza na hajawahi kuivunja: udongo wa kiwanja haukanyagwi na haushikwi. Unaweka ubao, unapiga magoti juu ya ubao, unafanya kazi yako, unaondoka na ubao wako. Miaka mitatu alipiga magoti kwenye viwanja vyote sita, na kiganja chake hakijawahi kuigusa ardhi yenyewe. Aliwahi hata kumfokea mgeni mmoja aliyetaka kupiga picha akiwa amechuchumaa kati ya pete. Ndivyo alivyokuwa mwaminifu.

Leo aliivunja. Kiwanja cha kwanza, alisukuma spoku ardhini kwa vidole viwili. Iliingia laini kama inaingia kwenye mkate, mpaka ikabaki kipande cha kushikia. Cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu iligonga mzizi, akaisogeza, ikazama.

Cha nne iligota.

Akadhani ni jiwe. Akasogea hatua moja. Ikagota. Akasogea tena, akasukuma kwa kiganja kizima mpaka spoku ikapinda, na bado ilikuwa imeingia kiasi cha ukucha tu. Akapiga magoti, safari hii bila ubao, akayafagia majani makavu kwa mikono. Yalitoka yote kwa pamoja, kama unavuta kitambaa juu ya meza. Chini yake ardhi ilikuwa tambarare, ngumu, inang'aa. Vipande viwili vya utepe wa mapambo vilikuwa vimegandamizwa humo ndani kabisa.

Sherehe! Aliikumbuka. Kabla tu ya zile wiki saba alikuwa na likizo ya siku kumi, amekwenda kwa dada yake aliyejifungua, na wafadhili walikuja kuoneshwa msitu unavyosafisha hewa. Aliporudi aliambiwa shughuli ilifana sana, ilifanyika "pale penye uwazi," na yeye alidhani ni uwazi wa getini. Kumbe walikaa hapa. Hotuba za kuusifu udongo walizitolea juu ya kichwa cha udongo wenyewe.

Lakini hicho sicho kilichomfanya aketi chini ghafla na kushika mdomo. Watu wakikanyaga hawaachi ardhi namna ile. Ile ilipigwa kwa mashine. Na ilipigwa kwa mizunguko, kutoka nje kuingia ndani, kila mzunguko umepanda juu ya mwenzake kidogo kama magamba ya samaki, na kwenye kona kuna kile kizunguko cha mwisho cha kumalizia, cha madaha, ambacho mafundi wengine hawajisumbui nacho. Alikuwa anakifagia kile kizunguko kila asubuhi, uani kwake.

*

"Siku ya wageni ulifanya kazi gani pale ofisini?"

Fundi alikuwa anakula. Aliacha kijiko njiani. "Kazi gani tena?"

"Nilipokuwa kwa dada. Uliniambia umepata kibarua cha siku mbili ofisini kwetu. Nikafurahi, nikakushukuru hata. Kazi gani?"

"Kushindilia uwanja. Meneja alikuwa na hofu viti vya wageni visizame, na wengine walikuwa na viatu virefu." Alimeza. "Nikaukodia mashine. Kazi safi ile, mke wangu, walinisifu. Hata maji hayapenyi."

"Hata hewa haipenyi!"

Alipiga kelele mpaka Bibi akatokea mlangoni na ungo mkononi.

"Pale ndipo kiwanja cha nne! Vile vijidudu vinakaa chini, chakula chao kinaingia kutoka juu, kwenye vijitundu vya udongo. Wewe umevifunga vyote. Umewapigia zege watu wakiwa mezani! Na mimi kila Jumanne nimepiga magoti juu ya kazi ya mume wangu, navuta hewa, naandika haijala, haijala, haijala, mpaka nimeitwa mghushi!"

"Mimi nilijuaje?" Fundi alisimama. "Palikuwa na vipete vya plastiki tu! Meneja akasema ving'oe, uviweke pembeni, ukimaliza uvirudishe. Nikavipiga picha ili nivirudishe sawasawa. Nilifanya kwa uangalifu!"

"Picha?"

Mumewe akajikwaa kwenye neno lake mwenyewe. Fundi hupiga picha kila kazi yake, kabla na baada, ili wateja waone. Simu ilikuwa pale mezani, karibu na sahani. Wote watatu wakaitazama. Fundi akaichukua, akaitia mfukoni.

"Hapana," alisema. "Nikisimama mbele ya mtu wa mjini nikaonyesha hizi, vibarua vimekwisha. Na mtaani watasema nini? Fundi ndiye aliyeharibu kazi ya mkewe. Nitachekwa mpaka nizeeke."

"Mimi ninachekwa sasa hivi. Leo. Bombani."

"Wewe umeshachekwa! Tuwe wawili ili iweje?"

Hapo Bibi aliweka ungo chini. Hakuwa mtu wa kumtetea mkwe wake, na siku nyingi walikuwa hawaelewani hata juu ya chumvi. Lakini alimwendea mwanawe mpaka karibu, mfupi vile alivyo, akainua uso kumtazama.

"Mwanangu, mikono ni yako?"

"Mama..."

"Nimeuliza mikono. Iliyofanya kazi ile ni yako?"

"Ni yangu."

"Na jina linalochafuka ni la nani?"

Fundi alivaa viatu bila soksi, akatoka.

Jumatano karani alikuja mwenyewe mpaka uani, ameibana ile karatasi kwapani, akaomba kiti kwa sauti ya kutaka majirani wajue amekuja kikazi. Mama Sindano alikuwa anaanika nguo. Hakuiacha kamba. "Mwambie Meneja nimeisikia vizuri," alisema, "na nimeona mahali pa kusaini ni padogo. Maneno yangu hayatatosha pale." Karani alisubiri aongeze kitu. Aliongezewa shati la Fundi, bichi, likimdondoshea maji kwenye viatu.

*

Alhamisi alikuwa getini kabla ya gari kufika, amevaa gauni lake la kwenda kwenye mikutano ya shule. Meneja alipomwona alishuka haraka, mikono mbele kama anazuia mbuzi.

"Mama, leo si siku yako."

"Ni siku ya kiwanja cha nne. Mimi ndiye ninayekifahamu."

Aliyeshuka upande wa pili alikuwa msichana mwembamba wa miaka kama thelathini, na mashine ya ukubwa wa sanduku mgongoni. Huyo ndiye Mtaalamu. Alimtazama Mama Sindano, akauliza, "Wewe ndiye unayeandika yale madaftari? Yenye mpaka hali ya mawingu?" Akaambiwa ndiye. "Shikamoo, mama. Twende wote." Na Meneja afanye nini, akafuata nyuma, suruali ikikamatwa na miba.

Mashine ile haikuhitaji vichupa. Inafunga ndoo, inanyonya hewa kwa mpira, na namba za methani zinatokea papo hapo. Kiwanja cha pili walisimama wote watatu wakitazama kioo kidogo. Mbili nukta sifuri. Ikatulia. Halafu moja nukta tisa. Baada ya dakika chache, moja nukta nane, na inaendelea kushuka. Miaka mitatu Mama Sindano alikuwa akivuta hewa isiyoonekana kuipeleka kwa watu wasioonekana, na hakuwahi kuiona hata mara moja ikiliwa mbele ya macho yake. Moja nukta saba! Alitaka kumwita mtu aone.

Kiwanja cha nne ndoo ilifungwa. Mbili nukta sifuri. Wakasubiri. Mbili nukta sifuri. Ndege alilia, Meneja akapiga mbu shavuni. Robo saa ikapita. Mbili nukta sifuri.

"Kwa hiyo vichupa vilikuwa vya kweli," alisema Mtaalamu polepole. "Alikuwa anakuja."

"Nilikuwa nakuja," alisema Mama Sindano, na akamkabidhi ile spoku. "Jaribu mwenyewe."

Mtaalamu alijaribu mara nne. Uso wake ukabadilika. Akaondoa majani, akaona.

"Nani alishindilia hapa?"

Meneja hakukawia. "Ndicho nilichokuwa nakihofia, mradi huu unataka watu waliosoma. Mtu anakuja kila wiki, anakanyaga ovyo, hana habari ya ubao..."

"Miguu yangu inafanya hivyo?" Mama Sindano alivua kiatu, akauweka unyayo wake juu ya ile ardhi mbele yao. "Niambie, Meneja. Huu mguu ni wa mwanamke au ni wa katapila?"

"Ni mimi."

Sauti ilitoka kwenye njia. Fundi alikuwa amesimama pale, shati limechomekewa, anahema, simu mkononi kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Hakumtazama mkewe. Alimwendea Mtaalamu moja kwa moja.

"Ni mimi niliyeshindilia. Ni kazi yangu. Nilikodiwa." Akafungua picha. Ya kwanza, majani na pete tatu. Ya pili, pete zimepangwa pembeni mwa mti. Ya tatu, mashine katikati ya kiwanja, na nyuma yake Meneja na kofia ya jua, mkono umenyooshwa, anaonyesha mpaka uishie wapi. Tarehe iko pale chini. Fundi aliongeza, kana kwamba ilikuwa muhimu, "Pete nilizirudisha sawasawa. Zilisogea kidogo tu."

Meneja aliitazama picha yake kwa muda mrefu, kama anatafuta kasoro kwenye kofia.

Mtaalamu alizima mashine, akakaa juu ya gogo lililokuwa karibu. Alionekana mdogo sana ghafla. "Sikilizeni," alisema. "Ile sherehe iko kwenye ripoti ya wafadhili. Picha zake ziko ukurasa wa mbele. Nikiandika kwamba sherehe yenyewe ndiyo iliyoua kiwanja, mradi unaweza kufungwa, na sisi wote tukakaa nyumbani, mimi wa kwanza. Tunaweza kukiondoa kiwanja cha nne kwenye hesabu. Tunabaki na vitano. Mama unarudi kazini, ile karatasi inachanwa, Fundi hatajwi popote. Hakuna anayeumia."

Meneja alishusha pumzi iliyosikika. Fundi naye, masikini, mabega yalimlegea, akamgeukia mkewe na macho ya mtu aliyeokolewa.

"Hapana," alisema Mama Sindano.

"Mama nanii..."

"Ngoja, mume wangu. Umekuja, nimeona, sitasahau. Lakini hapana." Alikuwa bado na mguu mmoja peku. "Wiki saba nimepiga magoti hapa. Jumanne tatu kati ya hizo ilikuwa mvua, vidole havikunjiki, nikaandika hivyo hivyo. Zile namba ni za kweli. Mkizifuta, hata kama mmenirudishia kazi, mmenisainisha ile karatasi kwa mlango wa nyuma. Na udongo je? Unaitwa haupo, kwa sababu umeaibisha wakubwa? Andika."

"Niandike nini, mama?"

"Kilichopo. Andika kiwanja cha nne kilishindiliwa kwa mashine, tarehe ile ya kwenye picha, ili viti visizame. Andika aliyeagiza. Andika aliyeshindilia."

Kalamu ya Mtaalamu ilikaa juu ya karatasi. "Aliyeshindilia ni mume wako."

"Najua ni mume wangu. Nimeolewa naye." Akamtazama Fundi. "Andika."

Fundi alitazama miti. Alitazama juu, akatazama chini, kwenye ile kona yenye kizunguko cha madaha. Akaitikia kwa kichwa mara moja, akalitaja jina lake lote herufi kwa herufi ili lisikosewe.

*

Mradi haukufungwa. Meneja naye hakufukuzwa. Watu wa aina yake hawafukuzwi, huhamishiwa kwenye meza kubwa zaidi, na yeye alihamishiwa mjini. Vibarua vya ofisini vya Fundi vilikwisha siku ile ile, kama alivyosema, na bombani walimtafutia jina jipya ambalo halifai kuandikwa. Alilivumilia. Siku nyingine alilijibu kwa jina baya zaidi.

Jumanne moja alimsindikiza mkewe mpaka kiwanja cha nne, na bega lake lilikuwa na jembe.

"Nipe asubuhi mbili," alisema. "Nautifua wote, nauchanganya na majani, unakuwa laini kama shamba jipya. Nimeharibu, nitengeneze."

Mama Sindano aliweka ubao wake, akapiga magoti, akafunika ndoo.

"Ukiutifua utakuwa umeufunika tu kwa namna nyingine. Watu wa maabara wanatakiwa waone unachukua muda gani kupona wenyewe."

"Miaka mingapi?"

"Hakuna anayejua. Hakuna aliyewahi kukaa akahesabu." Alitazama saa yake. "Toka kwenye kiwanja changu, Fundi. Unanikanyagia."

Fundi alitoka nje ya kamba, akalilaza jembe kwenye majani, akasubiri zitimie dakika kumi.